Taa ya gari kupiga ukungu kwa ndani: usizibe kabla hujajua maji yanapita wapi

#1 FundiTaa Ilazo

Mbukwenyi wakuu.

Mvua za Dodoma zikishaanza, Desemba hivi, kwenye gereji swali ni moja: "Fundi, taa imeingia maji." Na jibu la gereji nyingi nalo ni moja. Tyubu ya silikoni inatolewa, taa inazungushiwa juu hadi chini, mwenye gari anaambiwa sasa hata akilizamisha Mtera hakiingii kitu. Wiki chache mbele ukungu umerudi, na safari hii hautoki hata ukiwasha taa usiku kucha.

Mimi sishiki injini wala gia boksi. Kazi yangu ni taa tu: kufungua, kukausha, kuziba, kurudisha. Kabla mtu hajapaka chochote, nataka tuelewane kwamba lazima ujue maji yanapita wapi. Mengine yote yanafuata hapo.

Taa ya mbele haikutengenezwa iwe imezibwa kabisa. Ukiwasha balbu ya halojeni ya wati 55 ndani ya kile kichumba, hewa inapata joto, inatanuka, lazima itoke. Ukizima inapoa na kusinyaa, lazima nyingine iingie. Ndiyo maana nyuma ya taa kuna vipumulio. Kwenye magari mengi ya Kijapani ni vimrija vya mpira mweusi vilivyopinda, mdomo umeangalia chini, na mara nyingi kimoja kiko juu na kingine chini ili hewa izunguke. Kwenye magari mengine utakuta kibandiko cha duara, ukubwa wa kifungo cha shati, kinachopitisha hewa na mvuke lakini tone la maji halipiti.

Hewa inayoingia ina unyevu wake. Usiku kioo cha taa ndicho kinachopoa kwanza, kwa hiyo unyevu unashikia pale na kuwa vitone vidogo. Huo ndio ukungu. Je, hewa peke yake inaweza kuleta maji kiasi gani? Tupige hesabu. Chukua taa kubwa yenye nafasi ya lita 10 ndani. Hewa ya nyuzi 25 ikishiba unyevu inabeba kama gramu 23 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi 13, ambao ni usiku wa Julai hapa kwetu, inabeba kama gramu 11 tu. Zinazodondoka ni gramu 12 kwa mita ya ujazo, na lita 10 ni sehemu moja ya mia ya mita hiyo. Unabaki na gramu 0.12. Ni matone mawili, matatu, yametandazwa kioo kizima. Na hapo nimechukulia hewa iliyoshiba, wakati Julai hewa ya Dodoma ni kavu mpaka midomo inapasuka.

Kwa hiyo ukiona maji yametuama chini ya taa na yanacheza ukipiga breki, hayo hayakuja na hewa. Kuna mahali yanapenya yakiwa maji.

Toyota wenyewe wanaandika kwenye vitabu vya maelekezo vya magari yao kwamba ukungu wa muda ndani ya kioo si ubovu, ila matone makubwa au maji yaliyojikusanya ni ya kupeleka kwa fundi. Tatizo magari yetu mengi yanakuja na kitabu cha Kijapani, tunakitumia kuegeshea sahani ya chipsi.

Kipimo cha nyumbani: washa taa, tembea nusu saa. Ukungu ukiisha wenyewe kuanzia katikati kwenda pembeni, achana nao. Usipoisha, au ukiisha halafu kesho yake umerudi mwingi kuliko jana, tuzungumze.

Karibuni kwa maswali.

#2 Kipara wa Kizota

Nimekaa paleee.

Mkuu, IST yangu taa ya kushoto tu ndiyo inapiga ukungu. Ya kulia safi kama imetoka dukani. Gari moja, mvua moja, naegesha sehemu ile ile. Hii ni hewa au maji?

#3 FundiTaa Ilazo

Kipara, umejijibu mwenyewe. Taa mbili za gari moja zinavuta hewa ile ile. Zote mbili zikipiga ukungu kidogo asubuhi na kukauka pamoja, hiyo ni hali ya hewa. Ikipiga moja, hiyo moja ina tundu, au kipumulio chake kimekufa.

Anza na maswali haya. Upande wa kushoto uliwahi kugongwa, hata bampa tu kusukumwa getini? Ufa wa taa hauko lazima kwenye kioo. Mara nyingi uko nyuma kwenye kasha jeusi, pale masikio ya kufungia bolti yanapotokea, na huuoni mpaka taa itoke. Balbu ya upande huo ilibadilishwa lini, na aliyebadilisha alirudisha mpira wake wa nyuma, ile kofia inayoziba tundu la balbu? Fungua boneti sasa hivi uangalie. Taa ya kushoto kwenye magari mengi imebanwa na betri au tanki la maji ya waipa, mkono hauingii vizuri, fundi akiona tabu anaurudisha ule mpira nusu nusu. Nimekuta hata umewekwa juu ya betri, umesahaulika.

Ukikuta mpira upo, pitisha kidole uzingo mzima. Mdomo wake ukiwa umekakamaa au umejikunja ndani, maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye boneti yanaingia hapo kila siku.

#4 Mzee wa Mpwapwa

Vijana mna kazi. Sisi tuliendesha Landrover kutoka Mpwapwa hadi Kibakwe matope hadi magotini na taa hazikuwahi kuwa na ukungu. Vioo vilikuwa vioo. Siku hizi plastiki tupu.

#5 FundiTaa Ilazo

Shikamoo mzee. Unasema kweli, na sababu ipo. Taa zile za duara zilikuwa silidi bimu: kioo cha mbele na cha nyuma vimeyeyushwa vikawa kitu kimoja, waya wa kuwaka umo humo ndani. Ile taa yote ndiyo balbu. Hakuna pa kupumulia wala pa kuingia maji. Lakini waya ukikatika, unatupa taa nzima. Na mwanga wake, mzee wangu, tuseme tu kwamba ng'ombe ulikuwa unamwona ukishamfikia.

Hizi za sasa kioo ni polikaboneti, plastiki ngumu ambayo jiwe la barabara ya vumbi haliipasui kirahisi, imegandishwa kwenye kasha kwa gundi nyeusi ya mpira. Udhaifu wake ni ile gundi. Inakaa juani Dodoma miaka kumi, inakauka, inaachia kidogo kwenye kona ya juu, ile inayopigwa jua zaidi.

#6 Mzee wa Mpwapwa

Marahaba. Ng'ombe nilikuwa nawaona vizuri tu.

#7 Chuma Kwa Chuma

Mleta uzi unatuharibia kazi wenzako. Mimi fundi pia, silikoni napaka miaka nenda rudi na wateja wanarudi.

#8 Kipara wa Kizota

Wanarudi kushukuru au wanarudi tu?

#9 FundiTaa Ilazo

Hahaha, Kipara mwache fundi.

Chuma, sijasema silikoni ni haramu. Nasema inapakwa vibaya kwa namna tatu, na nikupe moja moja kwa sababu wewe ni wa kazini.

Unapaka taa ikiwa na maji ndani. Mteja ana haraka, unazungushia, anaondoka. Maji uliyoyafungia hayana pa kwenda. Mchana yanakuwa mvuke, usiku yanarudi kioo.

Unaziba vipumulio. Vinafanana na matundu ya bahati mbaya, na fundi asiyevijua anaviona ndiyo mlango wa maji. Ukiviziba, taa ikipata moto hewa inasukuma pale penye gundi dhaifu. Ikipoa inavuta kupitia pale pale, na kama ni wakati wa mvua inavuta maji. Yaani umehamisha pumzi kutoka sehemu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ukaipeleka kwenye kiungo.

Halafu aina ya silikoni. Ile ya bei rahisi inayonuka siki ikiwa inakauka inatoa asidi. Ndani ya taa kuna rifleta, kile kinachong'aa, na mng'ao wake ni utando wa aluminiamu mwembamba mno juu ya plastiki. Mvuke wa asidi ukifungiwa mle, rifleta inapata mabaka, soketi ya balbu inaota kutu. Tumia isiyonuka siki, na uipe siku nzima ikauke huku kofia za nyuma ziko wazi. Usiwashe taa kabla.

#10 Chuma Kwa Chuma

Hapo kwenye siki nimekuelewa. Nimewahi kuona rifleta imepata mabaka meupe nikadhani ni balbu feki. Ila mteja wa kuacha taa siku nzima Dodoma hii umpate wapi, wote wanawahi ofisini Mtumba.

#11 Mama Zabibu

Habari zenu. Naomba nisaidiwe, mimi si mtu wa magari kivile. Nina Passo, taa hazina shida yoyote siku zote, ila kila nikitoka kuosha gari zote mbili zinakuwa na ukungu. Kijana anayeosha anasema ni kawaida. Mume wangu anasema nimeuziwa gari bovu. Nani mkweli?

#12 FundiTaa Ilazo

Kijana wa kuosha yuko karibu na ukweli, dada yangu, ingawa yeye mwenyewe ndiye chanzo.

Umetoka mjini umewasha taa, au hata hukuwasha, gari limechomwa na jua la saa nane. Ndani ya taa kuna joto. Unafika, mtu anakuelekezea mashine ya presha na maji ya baridi. Hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, taa inavuta kwa nguvu kupitia vipumulio, na nje hapo pamejaa mvuke na rasharasha. Inakunywa. Bora zote mbili zinafanana, maana yake gari lako ni zima. Mwambie shemeji hakuuziwa mtu kitu kibovu.

Cha kufanya: gari likae kivulini dakika kumi na tano kabla halijamwagiwa maji. Mpira wa presha usielekezwe kwenye mstari ambapo kioo kinakutana na kasha, na wasifungue boneti kupiga presha nyuma ya taa. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Vile vimrija vimepinda vikatazama chini kwa ajili ya mvua inayotoka juu. Havikutengenezwa kwa maji yanayopigwa kutoka chini.

#13 Mama Zabibu

Asante sana kaka. Nimemsomea mume wangu, amenyamaza.

#14 Tabora Road

Mbona mnazunguka. Dawa ni kutoboa tundu mbili chini ya taa kwa misumari ya moto, maji yanatoka yenyewe. Gari yangu nimefanya hivyo, inapiga Manyoni, Itigi, haina tatizo.

#15 FundiTaa Ilazo

Tabora Road, maji yatatoka, kweli. Na vumbi la Itigi litaingia. Tundu la msumari halina sponji wala kona, kwa hiyo kila kinachorushwa na tairi la mbele kina njia ya moja kwa moja. Kiangazi kimoja tu cha kuanzia Mei hadi Novemba kinatosha rifleta kupata rangi ya udongo. Na ile huwezi kuifuta. Ukipitisha kitambaa unaondoka na ule utando wa aluminiamu, unabaki na plastiki ya kijivu. Nimeletewa taa ambazo mtu amefunga soksi kwenye fimbo akasugua ndani mpaka rifleta ikaisha, taa inawaka kama kibatari.

Kama ni dharura uko njiani na taa imejaa maji, fungua kofia ya nyuma, toa balbu, inamisha upate kuyamwaga, rudisha. Kutoboa, hapana.

Na vumbi hilo hilo ndilo linalotuua upande wa pili. Baadhi ya vipumulio vina kisponji ndani. Kikijaa vumbi la miezi saba bila mvua, kinaziba kabisa. Halafu Desemba mvua ya kwanza inanyesha, taa inashindwa kupumua, mtu anasema "mwaka jana haikuwa hivi." Novemba vuta vile vimrija kwa mkono, vinatoka tu, osha kwa maji ya sabuni, kausha, rudisha. Ni kazi ndogo kuliko kubadilisha waipa.

#16 Dereva wa Viazi

Wakuu mimi nabeba viazi kutoka Makete na Njombe kuja Dodoma kupitia Iringa na Mtera. Mnaongelea ukungu, mimi nina barafu. Mwezi wa sita na wa saba nikilala kule juu, asubuhi kioo cha taa kina barafu nyembamba nje, na taa moja ina barafu mpaka ndani. Naondoka saa kumi na moja alfajiri, mwanga umetawanyika hovyo, nikikutana na mwenzangu ananipigia full ananilaani. Nimefunga LED. Zamani nikiwa na balbu za kawaida sikumbuki hili.

#17 FundiTaa Ilazo

Hapo sasa umeleta jambo, maana hapa Dodoma kwenye mita 1,100 hivi hatuna barafu ya taa. Huko Makete, upande wa nyanda za Kitulo, uko kwenye mita 2,600 hivi, anga likiwa halina wingu usiku wa Julai kioo kinatoa joto lake lote kwenda juu, kinashuka chini ya sifuri.

Barafu ya nje ni umande uliogandia, hiyo haina kosa. Ya ndani ni ule ule ukungu tunaouzungumzia tangu mwanzo, umekuta baridi zaidi. Maana yake taa hiyo moja ina maji ndani kutoka huku chini, unayapandisha Makete yakagande. Ikauke ikiwa Dodoma, kule itapata utando kidogo sana au isipate kabisa.

Kuhusu LED umeona sawa. Balbu ya halojeni ni jiko linalotoa mwanga kidogo. Sehemu kubwa ya umeme wake ni joto, na joto hilo linakwenda mbele pamoja na mwanga, likakausha kioo na kuyeyusha barafu. LED inakula umeme mdogo, na joto lake linatolewa nyuma kwa feni au mapezi ya aluminiamu. Mbele kioo kinabaki baridi. Nchi za theluji wamelazimika kuweka waya za joto kwenye vioo vya taa za LED za baadhi ya malori, kwa sababu theluji ilikuwa inashikana usoni pa taa na haidondoki.

Sasa angalia nyuma ya taa yako. LED nyingi za kununua madukani zina kichwa kirefu chenye feni, kofia ya vumbi haifungi tena, aliyefunga ameikata tundu au ameitupa. Nina uhakika wa karibu asilimia mia kwamba upande wenye barafu ndani ndio ulioachwa wazi. Zipo kofia ndefu za mpira za LED. Tafuta, au rudi kwenye halojeni msimu wa baridi. Na kule kulaaniwa kunaweza kusiwe kwa barafu peke yake. Rifleta iliyopimwa kwa waya wa halojeni ukiiwekea LED, mwanga unatoka pembe ambazo haukupangiwa.

Alfajiri usimwagie kioo maji ya moto. Kioo cha baridi kikikutana na maji ya kuchemka, gundi na plastiki vinatanuka kwa viwango tofauti, na penye uchovu panaachia. Maji ya kawaida ya kwenye dumu na kitambaa yanatosha, au washa injini usubiri joto lake lifike.

#18 Dereva wa Viazi

Kofia nimeikuta imekatwa kwa kisu kweli, upande wa kondakta. Kazi ya fundi fulani huko njiani. Asante mkuu.

#19 Nkuhungu Finest

Mkuu sisi tunaotaka kukausha wenyewe nyumbani, hatua zikoje? Sina oveni, mke wangu hatakubali taa iingie kwenye oveni hata ningekuwa nayo.

#20 FundiTaa Ilazo

Usiingize taa kwenye oveni kama hutaki kutenganisha kioo na kasha. Ile ni kwa anayefungua, kwa sababu gundi nyeusi inalainika kwenye joto la karibu nyuzi 100, na kuna magari, hasa ya Ulaya, ambayo gundi yake hailainiki kabisa, ukilazimisha unavunja.

Kukausha tu ni rahisi na Dodoma tumebarikiwa jua. Toa taa. Kwa magari mengi lazima bampa ilegezwe, usivute kwa hasira, yale masikio yanakatika. Toa balbu zote na kofia zote, mwaga maji yote yanayomwagika, weka taa juani tangu saa tatu asubuhi matundu ya nyuma yakiwa wazi. Angalizo moja kubwa: taa yenye lenzi nene ya duara ndani, ile ya projekta, usielekeze uso wake juani. Lenzi inakusanya mionzi ikawa nukta ya moto na kuyeyusha plastiki ya ndani. Igeuze uso uangalie chini au ifunike kitambaa. Ikibaki unyevu kwenye kona, drai ya nywele kwa moto mdogo, ikipuliza kupitia tundu la balbu, mkono ukihisi joto la kuvumilika. Drai ya fundi ya kubandua rangi ikae mbali.

Thina, petroli na spiriti kali visiingie ndani. Polikaboneti ikiguswa na thina inapata nyufa ndogo ndogo zisizofutika, na taa nyingi kiwandani zimepakwa dawa ya kuzuia ukungu kwa ndani, utaiondoa na kujiletea ukungu wa kudumu.

Ikikauka, ndipo usake tundu. Rudisha balbu na kofia, ziba vipumulio kwa selotepu ukibakiza kimoja, ingiza mpira mwembamba kwenye hicho kilichobaki, puliza kwa mdomo. Kwa mdomo! Ukileta kompresa utaifungua taa bila kutaka. Mwenzako anapaka povu la sabuni uzingo mzima wa kioo na nyuma kwenye kasha, kama fundi baiskeli anavyosaka pancha. Povu likianza kuchemka, weka alama kwa kalamu. Kausha hapo, safisha, kwaruza kidogo kwa msasa laini, paka silikoni isiyonuka siki sehemu hiyo tu na sentimita chache kila upande. Toa selotepu kwenye vipumulio. Nasisitiza, toa selotepu, maana kuna watu wanaisahau humo mwaka mzima.

#21 Kipara wa Kizota

Na vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu? Jirani yangu ameviingiza ndani ya taa anatamba navyo.

#22 FundiTaa Ilazo

Silika jeli. Inavuta unyevu kweli, ila ina kikomo, ikishiba imeshiba. Kwenye taa inayovuja haifiki hata mvua ya pili. Mimi naitumia baada ya kukausha: naning'iniza pakiti kwa uzi ndani ya tundu la balbu usiku mmoja, asubuhi natoa. Kuiacha mle na balbu ya halojeni si busara, pakiti ni karatasi au kitambaa na balbu ile kioo chake kinachoma kuliko pasi. Ikipasuka, chembe zinabaki ndani zikicheza kila ukipita kwenye tuta.

#23 Ihumwa Dry Port

Harrier yangu ina zile taa nyeupe za zenoni, upande mmoja umejaa maji na sasa umeanza kuwaka na kuzima. Nifanye kama ulivyomwambia Nkuhungu?

#24 FundiTaa Ilazo

Usiguse kwanza. Zenoni ina kifaa cha kuwashia, mara nyingi kimefungwa chini ya taa yenyewe, ambapo ndipo maji yanapotuama. Wakati wa kuwaka kinatoa volti zaidi ya 20,000. Chomoa waya wa hasi wa betri, subiri, halafu mpe fundi umeme anayezijua. Kuwaka na kuzima ni dalili kwamba maji yamekifikia. Ukiendelea kuwasha utakiunguza, na hicho ni ghali.

#25 Nkuhungu Finest

Nimefungua. Yangu imepasuka nyuma vibaya, sikio limekatika na kipande cha kasha kimeondoka nalo. Nadhani ni ya kununua nyingine. Nikienda kwenye maduka ya spea za mtumba niangalie nini?

#26 FundiTaa Ilazo

Pole. Usianze na kioo, muuzaji ameshakisugua kiking'ae. Igeuze. Hesabu vipumulio na kofia, vingi vinapotea njiani na bila hivyo umenunua ukungu. Nusa ndani: harufu ya siki maana yake kuna mtu ameshaiziba. Angalia mzingo, kama gundi nyeusi imeongezewa nyingine nyeupe au ya kijivu, iliwahi kufunguliwa. Mulika rifleta kwa tochi ya simu, utafute mabaka na mistari ya maji yaliyowahi kutuama.

Halafu soma namba iliyochapwa kwenye kioo. Taa za Kijapani zinakuwa na jina la mtengenezaji, Koito, Stanley au Ichikoh, na namba yake. Ilinganishe na ya upande mwingine wa gari lako. Zikitofautiana, umbo laweza kukubali lakini balbu au soketi zikakataa. Na hakikisha si taa ya gari la usukani wa kushoto. Zile zinamulika chini zikiegemea kulia, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo barabara ya Morogoro usiku utakuwa unammulika usoni kila anayetoka Gairo.

#27 Nkuhungu Finest

Kofia za nyuma wanauza zenyewe?

#28 FundiTaa Ilazo

Zipo, ila usiende na jina la gari, nenda na kofia ya upande mzima mkononi. Ijaribishe pale pale dukani kwenye taa unayonunua, izungushe mpaka ilie tak.